Kawia Ufike: Uainishaji wa Mawimbi Yanayochelewa Kuingia Bariadi

1. Suala lenyewe na mipaka yake

Mkoa wa Simiyu umeandikwa sana kwa upande wa juu. Yapo maandiko ya pamba yake, ya ng'ombe wake, ya chaki ya Maswa, na ya tembo wanaotoka Pori la Akiba la Maswa kuja kukagua mashamba ya watu bila mwaliko. Tangu mkoa ulipomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, wilaya zake za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu zimehesabiwa kaya, mifugo na marobota. Kundi moja tu la wanaoingia mkoani halijapata kuandikishwa: wale wanaoingia kwa chini.

Hawa hutoka Bolivia, Java, Fiji na Hindu Kush. Hawashuki stendi, hawapiti mizani, wala mtendaji wa kijiji hawaulizi wamefikia kwa nani. Ni mawimbi ya matetemeko. Ardhi ikikatika mahali fulani kwa kishindo cha kutosha, mawimbi husambaa kupitia tumbo la dunia, na katika muda wa dakika kadhaa kila mahali pametikiswa, Bariadi ikiwamo. Mtikiso wenyewe ni mdogo mno. Kuku aliyelalia mayai hashtuki. Anayeshtuka ni sismomita, chombo kilichofukiwa shimoni kwa kazi hiyo moja ya kushtuka na kuandika saa.

Makala haya yanawaainisha wageni hao kwa vigezo ambavyo kila kaya ya Usukuma inavitumia: nani kawahi, nani kachelewa, na aliyechelewa kajitetea vipi. Tasnifu yetu ni kwamba mgeni aliyefika kwa wakati hana habari. Karibu yote yanayojulikana kuhusu mpaka kati ya joho la dunia, yaani lile tabaka nene la mwamba lililo chini ya gamba tunalolilima, na kiini cha chuma kilicho chini yake, yamepatikana kwa kuvichukulia visingizio kwa uzito. Mpaka huo uko kilomita 2,891 chini ya miguu ya msomaji, awe Nyakabindi au Lagangabilili. Katika jambo hili hakuna kata iliyopendelewa.

2. Orodha ya waliojaribu kushuka wenyewe

Kabla ya kuwaainisha wanaopanda, haki inadai tuwataje wanaoshuka. Tunawapanga kwa kina, kutoka kwa aliye karibu na jua.

(a) Mwenye jembe. Hufika sentimita ishirini, thelathini akiwa na hasira. Ndani ya kina hicho maarifa yake hayana mpinzani. Anatofautisha luseni ya kichanga iliyo karibu na mawe ya vilima, itogolo lenye tabaka gumu lisilopitisha maji, na mbuga nyeusi ya bondeni inayonasa jembe, ng'ombe na gari la serikali bila ubaguzi. Wataalamu wa udongo walipokuja na madaraja yao walikuta ya Wasukuma yameshapangwa.

(b) Mchimba kisima na lambo. Huhesabu kwa mita, na hushuka mpaka maji yapatikane au fedha za mradi ziishe.

(c) Mwenye duara. Huyu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, mtu wa matimba, karasha na matumaini. Hufika makumi ya mita ndani ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Umri huo haumshughulishi, anataka gramu.

(d) Mwenye mashine ya kuchoronga. Kundi hili liliacha alama Dutwa na Ngasamo, kampuni ya African Eagle ilipokuwa ikipima nikeli ya vilima vile. Hutoa mwamba katika vipande vya mviringo, akavipanga sandukuni na kuvipa namba.

(e) Bingwa wa dunia. Warusi walichoronga rasi ya Kola mpaka mita 12,262 mwaka 1989. Ukiigawa safari ya kwenda mpakani katika sehemu elfu moja, bingwa alimaliza nne na kitu. Rekodi yake katika kundi lake haijavunjwa na shimo lolote la kisayansi lililoelekezwa wima namna ile.

(f) Asiyechimba kwenda kwenye kitu, bali kuletewa. Hawa ni watu wa Mwadui, nje kidogo ya mkoa wetu, ambako John Williamson aligundua mwaka 1940 bomba la mwamba wa kimbalaiti lenye eneo la hekta 146. Almasi za namna hiyo hutengenezwa zaidi ya kilomita 150 chini, na mlipuko wa kale ukazipandisha bila kudai nauli. Kwa kina cha sampuli, Mwadui inamshinda Mrusi mara kumi na zaidi.

Orodha inafundisha kwamba kina cha maarifa hakilingani na jasho. Aliyefika mbali kuliko wote katika (a) hadi (f) ni yule aliyesubiri aletewe. Kanuni hiyohiyo, ikisukumwa mpaka mwisho, inatupeleka kwa mtu asiyeshika sururu wala kuokota kitu. Anakaa kimya na kuandika saa.

3. Madaraja ya wageni

Daraja la Kwanza: Wapita Juu. Hawa ni mawimbi ya uso. Huzunguka na gamba la dunia kwa mwendo wa kilomita tatu na nusu hadi nne kwa sekunde, hufika mwisho kabisa, na ndio wenye fujo kuliko wote. Kwa habari za karibu na uso wana manufaa makubwa. Kwa habari za mpakani hawajui lolote, kwa sababu hawakupita huko. Wataalamu huvumilia uwepo wao, ila wakiweza kuchagua huchagua matetemeko yanayotokea kilomita mia kadhaa chini, kama ya Fiji au ya Bolivia. Tetemeko la kina kirefu lina adabu: halileti wapiga vigelegele wengi.

Daraja la Pili: Wapita Joho. Hapa wamo ndugu wawili. P husukuma na kuvuta mwamba kuelekea anakokwenda, naye hutangulia siku zote. S hutikisa mwamba kwa ubavu, naye hufuata. Chini kabisa ya joho, P hufikia mwendo wa kilomita 13.7 kwa sekunde na S kilomita 7.3. Zaidi ya tofauti ya mwendo, wanatofautiana katika uwezo mmoja mkubwa: P hupita ndani ya kimiminika, S hawezi. Harold Jeffreys alionyesha mwaka 1926 kwamba sehemu ya nje ya kiini ni kimiminika, na tangu siku hiyo S hujulikana kuwa mgeni asiyevuka mto.

Daraja la Tatu: Wagota Mlango. Hawa hushuka hadi mpakani, wakagonga, wasifunguliwe, wakarudi. P aliyegota huandikwa PcP, na S aliyegota huandikwa ScS. Herufi ndogo katikati ni alama ya mlango. Kwa majedwali ya kawaida ya muda wa safari za mawimbi, S akishuka wima kutoka Bariadi, akagota kiini na kurudi palepale, atatumia kama dakika 15 na nusu. P atatumia dakika 8 na nusu. Akizidisha sekunde mbili, tunataka kujua alikuwa wapi.

Daraja la Nne: Wavuka Kiini. P huzama na kutokea upande wa pili kwa jina la PKP. S, kwa kuwa hawezi kuvuka, hutumia hila inayostahili kusomwa shuleni: akifika mpakani hugeuka P, huvuka kimiminika kwa umbo hilo, na akitoka upande wa pili hugeuka S tena. Huyu huandikwa SKS. Ni yeye na S wa kawaida watakaobeba hoja nzima ya sehemu ya 4, kwa hiyo msomaji asiwapoteze.

Kuvuka kuna gharama. Mawimbi yakiingia kwenye kiini hupinda kwa ghafla, kwa sababu mwendo wa P huporomoka kutoka kilomita 13.7 hadi 8.1 kwa sekunde. Matokeo yake ni kwamba pana ukanda wa uso wa dunia, kati ya nyuzi 104 na 140 hivi za mzingo wa dunia kutoka kwenye tetemeko, ambao P wa moja kwa moja haufikii. Visiwa vya Solomon viko kama nyuzi 125 kutoka Bariadi. Tetemeko la huko haliwezi kumtuma P wa kawaida hapa hata likibembelezwa. Fiji na Tonga ziko nyuzi 140 na kitu, ng'ambo tu ya kivuli, mahali ambapo kiini hukusanya mawimbi na kuyatoa kwa nguvu maradufu. Kwa hiyo Bariadi ina bahati ya kusikia Fiji vizuri kuliko inavyosikia Solomon, ingawa Solomon iko karibu zaidi. Kuchelewa kwa mawimbi yaliyopita kwenye kiini ndiko kulikomwezesha Richard Oldham kudai mwaka 1906 kwamba dunia ina kiini, na kivuli hicho kilimwezesha Beno Gutenberg kukadiria mwaka 1913 kwamba mpaka wake uko kilomita 2,900. Alikosea kwa kilomita kama kumi, bila kompyuta na bila kuchimba. Mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanamke wa Denmark, aliwasikia wageni wachache ndani ya kivuli mahali pasipotakiwa kuwa na mtu, akahitimisha kwamba ndani ya kiini mna kiini kingine. Makala yake ilibeba mojawapo ya vichwa vifupi kuliko vyote katika taaluma hii: herufi P na alama ya mkato juu. Sisi wa vichwa virefu tumejirekebisha kiasi.

Daraja la Tano: Watambaa Mpakani. Kwa masafa ya nyuzi mia na kuendelea, P na S wengine hawagoti wala hawavuki. Hutambaa juu ya mpaka kwa mamia ya kilomita, kisha hupanda. Hutoka huko wamechoka, sauti imepungua, na wameokota kila habari iliyotapakaa mpakani. Ni mashahidi bora na wasemaji wabaya.

Daraja la Nje ya Madaraja: Wazushi. Sismomita haibagui, huandika kila kitu. Lori la pamba likipita huandikwa. Ng'ombe wakienda lamboni huandikwa. Tembo wakitembea huandikwa pia, na utafiti uliofanywa Samburu, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba nyayo na ngurumo zao husafiri ardhini kiasi cha kutambulika. Mawimbi ya bahari yakigonga dunia huacha mvumo usiokwisha, hata bara kama kwetu. Na kutoka Ghuba ya Guinea hutoka mdundo wa kila sekunde 26, ulioelezwa na Jack Oliver mwaka 1962, ambao unaendelea kudunda huku wanazuoni wakibishana unapigwa na nini. Kazi ya kwanza ya mtafiti ni kuwatoa hawa wote mlangoni kwa heshima.

4. Uainishaji wa visingizio

Hapa ndipo kitovu cha elimu hii. Tuseme majedwali yanasema S afike saa fulani, naye akafika sekunde sita baadaye. Mwenyeji asiye na subira atamwita mzembe. Mwanazuoni atauliza kisingizio, na visingizio viko vya aina tatu.

Kisingizio cha kwanza: «Tuliondoka tumechelewa.» Saa na mahali pa tetemeko hukadiriwa, na makadirio yakipotoka kidogo kila mgeni kutoka huko ataonekana kachelewa, au kawahi kwa namna ya kutia shaka. Kisingizio hiki ni cha kweli mara nyingi na hakina faida kwetu.

Kisingizio cha pili: «Njia ya huku kwenu ni mbaya.» Hiki kiliwahi kuchunguzwa hapahapa nchini. Mwaka 1994 na 1995 sismomita 20 zilitandazwa Tanzania katika mradi ulioongozwa na Andrew Nyblade na Thomas Owens kutoka vyuo vikuu vya Marekani wakishirikiana na wenyeji. Waligundua kwamba njia zetu hazifanani. Simiyu iko juu ya kratoni ya Tanzania, bamba kuukuu la mwamba baridi na mgumu lililoshuka kilomita 150 hadi 200 hivi, na mawimbi hulipita mbiombio. Chini ya bamba hilo, na pembeni yake kwenye bonde la ufa, mwamba ni wa moto na mawimbi huzubaa. Mgeni anayeibukia Bariadi amemalizia safari kwenye lami. Anayeibukia upande wa Ziwa Manyara amemalizia kwenye tope. Kuna watu Meatu, karibu na ukingo wa Ziwa Eyasi, wanaoishi mahali lami inapoishia.

Kisingizio cha tatu: «Kuna mahali huko chini pamenishika.» Hiki ndicho tunachokitafuta, na ndicho kigumu kukithibitisha, kwa sababu kila mchelewaji hukitumia.

Njia ya kuvitenganisha ni ya kale kuliko sayansi: mhoji mchelewaji pamoja na mwenzake aliyeondoka naye. S na SKS hutoka kwenye tetemeko moja, sekunde ileile, na huibuka kwenye sismomita moja. Kisingizio cha kwanza kikiwa cha kweli, kitawachelewesha wote wawili sawasawa. Cha pili vilevile, au karibu sawasawa, kwa kuwa kilomita za mwisho wamepita pamoja. Ukiondoa muda wa mmoja kwenye muda wa mwingine, visingizio viwili vya kwanza hufutika, na kinachobaki ni kile kilichompata mmoja wao mahali njia zilipoachana, yaani chini kabisa.

Tuchukue mfano. Tarehe 9 Juni 1994, mwaka uleule wa sismomita za Tanzania, Bolivia ilipata tetemeko la ukubwa wa 8.2, kilomita kama 640 chini, lililosikika hadi Canada. Kutoka huko hadi Bariadi ni takriban nyuzi 100, kilomita zipatazo 11,000. Kwa umbali huo P hufika kwa dakika 13 hivi. SKS, aliyekata njia kupitia kiini, hufika kama dakika ya 22. S, aliyekaa ndani ya joho na kugusa mpaka chini ya Bahari ya Atlantiki, hufuata dakika moja hivi baadaye. Dakika hiyo moja ndiyo inayopimwa. Ikiwa ndefu kuliko jedwali, S anaulizwa; ikiwa fupi, anaulizwa SKS.

Jozi moja haitoshi kumhukumu mtu. Lakini wakusanye mashahidi maelfu, kutoka matetemeko mamia, waliopishana kila upande chini ya Afrika. Hawajuani na hawakupanga maneno. Pale visingizio vyao vyote vinapokutania, pana kitu.

5. Kitu chenyewe

Kitu hicho kipo. Jeroen Ritsema na wenzake walikichora mwaka 1998 na 1999 kikiinuka kutoka mpakani chini ya kusini mwa Afrika na bahari jirani, kikaegemea kaskazini-mashariki kuelekea kwetu. Kinapanda zaidi ya kilomita 1,000. Kiko kingine kama hicho chini ya Pasifiki, na kwa pamoja vinafunika kama robo ya uso wa kiini. Kevin Burke aliviita Tuzo na Jason kwa heshima ya John Tuzo Wilson na Jason Morgan, wanajiolojia wa mabamba. Tuzo ndiye wetu, na msomaji wa Kiswahili asijipongeze bure, hatukushindania.

Ukubwa wa kosa la wachelewaji ni jambo la kuvutia. Ndani ya Tuzo, S hupunguza mwendo kwa asilimia 1 hadi 3. Kikao cha kijiji kilichochelewa kwa asilimia 3 kingeandikwa gazetini kama mfano wa kuigwa. Hata hivyo hesabu inajumlika: kilomita 1,000 kwa mwendo wa 7 kwa sekunde ni sekunde 143, na asilimia 3 ya hizo ni sekunde nne na robo. Sismomita nzuri yenye saa sahihi huona sehemu ndogo ya sekunde. Sekunde nne kwake ni usiku mzima.

Mwaka 2002 Sidao Ni na wenzake walitoa habari ya ajabu zaidi. Mawimbi yanayopita ukingoni mwa Tuzo hayacheleweshwi kidogo kidogo. Njia mbili zilizo karibu sana, moja hufika kwa wakati na jirani yake huchelewa kwa sekunde kadhaa. Maana yake ukuta wa Tuzo ni mkali, upana wake hauzidi kilomita 50 hivi. Joto peke yake hutapakaa na kufifia taratibu, halijengi ukuta.

Tusisahau wakazi wadogo wa eneo hilo. Kilomita 200 hadi 300 za mwisho za joho zilipewa na Keith Bullen jina la D yenye alama mbili za mkato, jina lililobaki kutoka kwenye orodha yake ya tabaka kutoka A hadi G baada ya tabaka nyingine zote kupata majina ya watu wazima. Ndani yake, hapa na pale, pana mabaka yenye unene wa kilomita chache hadi makumi machache ambamo S hupungua hadi asilimia 30 na P asilimia 10. Huko mgeni hacheleweshwi tu, anazuiliwa. Shinikizo mpakani ni zaidi ya mara milioni 1.3 ya lile la hewa tunayoivuta, na joto la kiini chini yake ni maelfu ya nyuzi, takriban 4,000. Kwa mazingira hayo kuchelewa kidogo kunasameheka.

6. Madhehebu ya wafasiri

Kwamba Tuzo yupo, wote wanakubali. Tuzo ni nini, pana madhehebu manne.

Madhehebu ya Joto husema ni mwamba wa kawaida ulio moto zaidi. Faida yake ni urahisi. Taabu yake ni ukuta tuliokwisha kuutaja.

Madhehebu ya Urithi husema ni mwamba wa namna nyingine, mzito kidogo, uliobaki tangu dunia ilipokuwa bahari ya mwamba ulioyeyuka, miaka bilioni nne na nusu iliyopita. Kwa mujibu wao hapo chini kuna shamba la ukoo ambalo halijawahi kugawanywa.

Madhehebu ya Magofu husema ni sakafu za bahari za kale zilizozama chini ya mabara, zikarundikana mpakani.

Madhehebu ya Mgongano ndiyo machanga kuliko yote. Qian Yuan na wenzake walipendekeza mwaka 2023 kwamba Tuzo na Jason ni masalia ya Theia, sayari yenye ukubwa wa Mirihi iliyoigonga dunia changa na kuzaa mwezi. Wakiwa sahihi, aliyechelewa kuliko wageni wote tuliowaainisha ni mwenye eneo mwenyewe, ambaye alikuja kwa ajali na hakuondoka tena.

Kwa uchunguzi wetu, muumini wa dhehebu moja mara chache huhamia jingine, lakini wengi huwa na kadi za mawili kwa wakati mmoja, hasa Joto na Urithi. Hilo si unafiki. Kitu chenye ukuta kinaweza pia kuwa cha moto.

7. Inaihusu nini Simiyu?

Mpinzani atasema kilomita 2,891 ni mbali, na kitako cha Tuzo kiko zaidi kusini. Tunajibu kwa hoja tatu, tukizipanga kutoka yenye nguvu hadi yenye kuhitaji chai.

Hoja ya kwanza ni kimo. Mabamba makuukuu ya aina ya kratoni duniani hukaa mita 400 hadi 500 juu ya usawa wa bahari. Letu limekaa zaidi ya mita 1,100. Ziwa Victoria lenyewe, sehemu ya chini kabisa ya jirani, liko mita 1,134. Nyblade na Scott Robinson walionyesha mwaka 1994 kwamba uwanda wote wa mashariki na kusini mwa Afrika, na sakafu ya bahari iliyo jirani, umeinuka kupita kawaida. Mwaka 1998 Carolina Lithgow-Bertelloni na Paul Silver walihesabu kwamba mwamba mwepesi wa joho la chini, ukijaribu kupanda, unatosha kuinua nchi namna hiyo. Kwa hiyo sehemu ya urefu wa Bariadi, pamoja na ubaridi wa asubuhi zake mwezi Julai, yaweza kuwa imeazimwa kutoka mpakani.

Hoja ya pili ni moto wa ufa. Gabriel Mulibo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyblade walichora mwaka 2013 joho la chini ya Afrika Mashariki, wakaona njia ya mwamba unaochelewesha mawimbi ikishuka bila kukatika kupita tabaka za kati kuelekea chini. Miaka miwili nyuma, David Hilton na wenzake walikuwa wamepima heliamu kwenye miamba ya Rungwe na kukuta uwiano wa aina ya kale, ambao joho la juu haliwezi kuutoa. Wageni wa mawimbi na wageni wa gesi hawakuwahi kukutana, na wametoa ushahidi mmoja.

Hoja ya tatu ni almasi. Trond Torsvik na wenzake walirudisha mabara mahali yalipokuwa zamani na kuona, mwaka 2010, kwamba asilimia kama 80 ya milipuko ya kimbalaiti ya miaka milioni 320 iliyopita ilitokea juu ya kingo za Tuzo na mwenzake. Milima ya Igwisi, mkoani Tabora, ilitapika mwamba wa ukoo huo miaka kama 12,000 tu iliyopita. Hakuna iliyo michanga kuliko hiyo duniani. Tunakiri kwamba kutoka ukingoni hadi Igwisi hoja inaruka hatua kadhaa. Ndiyo maana tumeiweka karibu na birika.

8. Mapendekezo

Kwanza, mchelewaji yeyote mwenye sababu aandikwe saa na sekunde kabla hajakaripiwa. Taaluma nzima imejengwa juu ya adabu hiyo.

Pili, Simiyu ipewe masikio yake. Kilima Mbogo nchini Kenya na Mbarara nchini Uganda vina vituo vya kudumu vya mtandao wa dunia. Simiyu ina kitu ambacho vituo vya namna hiyo hukitafuta: utulivu. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilitukumbusha kwamba Kanda ya Ziwa haina kinga, lakini kwa kawaida kratoni ni tulivu, na mbali na barabara kuu ni tulivu zaidi. Shimo, sakafu ya zege juu ya mwamba, paneli ya jua, saa inayosahihishwa kwa setilaiti na mlinzi asiyefuga mbuzi karibu vinatosha. Shule ya sekondari ingeweza kukitunza kituo hicho, na wanafunzi wake wangesoma fizikia kwa tetemeko la wiki iliyopita badala ya mchoro wa kitabuni.

Tatu, utulivu uingizwe rasmi kwenye orodha ya mazao ya mkoa, baada ya pamba na kabla ya choroko. Hauhitaji dawa ya viwavi, haungoji mvua za vuli, hauna bei elekezi inayotangazwa na kubadilika kabla mkulima hajafika kwenye chama cha ushirika, AMCOS. Hautegemei mizani ya mtu. Na una sifa ambayo hakuna zao jingine la Simiyu linaloweza kudai: mnunuzi wake akiutumia Bolivia ikitikisika, unabaki wote ghalani kwa ajili ya Fiji.